Mwaka Uliofutwa

Mkahawa ule wa koshari, wali wa dengu na tambi, karibu na uwanja wa Ataba haukuwa na kiti kilichobaki saa saba mchana. Nihal Shukri alipata nafasi kwenye meza ya mtu asiyemjua, kijana mwenye miwani na shati la rangi ya mchanga lililokunjwa mikono hadi viwikoni, ambaye alikuwa ametandaza makaratasi kana kwamba meza ni ya kwao.

"Unakula au unafungua ofisi?" Nihal akamuuliza.

"Vyote viwili," yule kijana akajibu bila kuinua uso. "Kaa, bibie. Nitakuachia robo ya meza."

Nihal akaketi, akalaza kasha la fidla juu ya mapaja, maana sakafu haikuaminika. Alivaa gauni la buluu iliyokoza na kilemba cha rangi ya kijivu, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyelala saa tatu tu. Akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua chupa ya siki yenye kitunguu saumu. Mhudumu akapita mbio na sinia, kiwiko kikamgonga, na chupa ikalala juu ya makaratasi ya watu.

Mtu mwingine yeyote angemtazama mhudumu. Nihal alitazama kidole chake cha mwisho. Kwa miezi minne alikuwa akikingoja kidole hicho kimsaliti mbele za watu.

"Hakuna aliyekufa," kijana akasema, akipangusa picha moja kwa kitambaa. "Ni mwaka 1978 tu. Huu mwaka una mikosi tangu zamani."

Ndivyo alivyokutana na Tamim Sabri, mtunza kumbukumbu za redio, aliyepewa kazi ya kuandika kitabu kidogo cha historia ya Tuzo ya Shahinaz kwa kutimiza miaka sitini. Tuzo ile hutolewa kwa mpigaji mmoja anayesimama mbele ya okestra nzima. Tamim aliizungumzia kama mtu anayesengenya jamaa zake.

"Walianza na piano peke yake. Bibi Shahinaz mwenyewe alikuwa mpiga piano, hakutaka kusikia kingine. Alipofariki, watu wa fidla wakaingia. Mwaka 1961 wakagombana, eti piano na fidla havipimwi kwa mzani mmoja, wakaikata tuzo vipande viwili. Miaka minne baadaye wakaishona tena. Ikaja vita, ikalala miaka mitatu. Jina wamelibadilisha mara nne. Na huu hapa," akagonga ile picha yenye harufu ya siki, "orodha inasema mwaka 1978 tuzo haikutolewa. Lakini tazama."

Pichani kulikuwa na msichana mwenye fidla na medali shingoni.

"Nani huyu?" Nihal akauliza.

"Ndiyo kazi yangu kujua. Na wewe nani, bibie wa siki?"

Alimtajia jina. Tamim akaacha kupangusa. Jina lile lilikuwa kwenye gazeti la asubuhi, mmoja wa watatu walioingia fainali ya mwaka ule.

"Nimekaa miezi sita nikitafuta historia," akasema taratibu, "kumbe historia inakuja kunimwagia siki."

Nihal akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi.

Wakaanza kupigiana simu. Tamim alipiga kila siku saa kumi, wakati anatoka kazini.

"Umekula, mboni yangu?"

"Nimekula fidla."

"Na chumvi?"

"Bila chumvi. Wewe je, umepata washindi wangapi wa zamani leo?"

"Marehemu wawili na mmoja aliye hai lakini hasikii. Nimepiga kelele hadi jirani wakatoka. Kesho nikuone?"

Walionana kwenye mkahawa ulio ukingoni mwa Nile, mchana, chai ya mnanaa mbele yao. Tamim alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mitulivu, na mikono ile ndiyo iliyomvuta Nihal. Alikuwa akiitazama ikimenya chungwa na kuona wivu. Alitamani kumwambia. Kila alipofungua mdomo, hofu ilimtangulia.

Hakuna aliyejua. Ugonjwa ulianza kama uchovu wa mkono. Kisha asubuhi moja, alipofika kwenye mistari ya kasi, kidole cha nne, ndivyo wapiga fidla wanavyokiita kile cha mwisho, kikajikunja chenyewe kuelekea kiganjani, kama mdudu aliyeguswa, naye hakukiamuru. Daktari mmoja wa mtaa wa Dokki alimwagiza ampigie fidla hapo hapo ofisini, akamtazama, kisha akavua miwani.

"Kidole ni kizima, binti yangu. Ubongo ndio umevichanganya vidole, haujui tena kukiita kimoja bila kingine. Ukishika kikombe utakuwa sawa. Ukishika fidla, ndiyo hivyo."

"Dawa yake?"

"Kuacha. Mwaka, labda miwili. Kisha kujifunza upya, kama mtoto."

"Fainali ni baada ya wiki tano."

Daktari akavaa tena miwani, akamwandikia tarehe ya kurudi. Tangu siku ile Nihal alilala akiwa ameushika mkono wa kushoto kwa wa kulia, kama mtu anayelinda mfuko sokoni. Mama yake alipomwuliza mbona hapigi tena fidla mlango ukiwa wazi, alisema anazuia vumbi.

Siku kumi na nne kabla ya fainali, walikuwa pale pale ukingoni. Tamim aliinuka kwenda kunawa, faili lake likabaki wazi mezani. Nihal hakukusudia kuchungulia. Mwandiko wa Tamim ulikuwa mkubwa, ukajisomesha wenyewe:

*Mpiga fidla. Kidole cha nne cha kushoto hujikunja. Anaficha. Nimwendee kwa upole, asishtuke. Hii itakuwa sura bora ya kitabu.*

Mto uliendelea kwenda, watu waliendelea kuvuta shisha, lakini Nihal hakusikia chochote. Alijiona amevuliwa nguo barabarani. Kumbe kila chungwa lililomenywa lilikuwa upelelezi. Kumbe simu za saa kumi zilikuwa kazi ya ofisi.

Tamim akarudi akijifuta mikono. "Mbona umepauka?"

"Nimechelewa mazoezi."

"Ngoja nikusindikize."

"Usinisindikize, Tamim. Wala usinipigie."

"Nimekosa nini?"

Nihal alishanyanyua kasha. Aliogopa kwamba akibaki dakika moja zaidi atalia, na akilia atasema yote.

Siku ile Tamim alipiga mara tisa. Siku ya pili mara sita. Kisha akaandika: *Kama ni kwa sababu mimi karani wa redio na wewe unaelekea jukwaani, sema tu. Nitameza.* Nihal alisoma maneno hayo akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, fidla ikiwa pembeni, na hakujibu. Alimwogopa sasa, yule mtu wa mikono mitulivu. Aliogopa kila gazeti. Simu ya kamati ilipolia kuthibitisha saa ya mazoezi, alidhani wanampigia kumfuta.

Zikabaki siku tatu. Asubuhi bawabu wa jengo, Amm Dahab, akapanda ngazi akihema na bahasha mkononi.

"Yule bwana wa miwani ameileta. Nimemwambia apande, amekataa. Amesema usome, kisha ukitaka uchane."

"Ameondoka?"

"Amesimama ng'ambo ya barabara kama nguzo ya umeme."

Ndani kulikuwa na kurasa mbili zilizopigwa chapa. Nihal akasoma akiwa amesimama.

Msichana wa pichani aliitwa Insaf Darwish. Mwaka 1978 alishinda, akavishwa medali. Wiki mbili baadaye, kwenye tamasha la mshindi, kidole chake cha nne kilijikunja katikati ya kipande na hakikufunguka tena. Kamati ikamwita. Sasa alikuwa na duka la nyuzi na vifungo huko Tanta, naye ndiye aliyesimulia: *"Waliniuliza, umeanza kuumwa lini. Nikasema jana. Ilikuwa mwaka mzima. Nilikuwa najifunga bendeji na kusingizia mlango wa gari. Walipogundua, wakasema nimewadanganya, wakachukua medali, wakaandika haikutolewa. Labda ningesema mapema wangeniwekea kiti cha nyuma katika okestra. Sijui. Nilinyamaza, nao wakanyamaza, ikaisha hivyo. Andika, mwanangu. Nimechoka kuwa mwaka mtupu."*

Chini, kwa kalamu, Tamim aliongeza: *Nilimwendea mara tatu kabla hajakubali. Nilitaka uisome wewe kwanza.*

Nihal akakaa kwenye ngazi. Maandishi yale ya mkahawani hayakumhusu yeye. Yalimhusu mwanamke mwingine aliyeogopa kama yeye, miaka thelathini na sita kabla. Aibu ikampanda, na nyuma ya aibu hofu kubwa zaidi, kwa kuwa sasa alijua mwisho wa kunyamaza ulivyo.

Akapiga simu.

"Bado uko ng'ambo?"

"Bado. Muuza magazeti ananidai kodi ya nafasi."

"Vuka."

Alivuka bila kutazama magari, akatukanwa na madereva wawili. Waliketi kwenye ngazi ya chini, Amm Dahab akajifanya anafagia mbali.

"Nilisoma faili lako," Nihal akasema. "Nikadhani ni mimi."

"Wewe? Kwa nini uwe wewe?"

Hakumjibu kwa maneno. Akatoa fidla pale pale ngazini, akapiga ule mstari. Kidole kikajikunja. Akajaribu tena, kikajikunja tena. Tamim akainama kukitazama.

"Tangu lini?"

"Miezi mitano na nusu."

"Na ungenyamaza hadi lini?"

"Hadi nife, nafikiri."

"Nihal, roho yangu, kwa nini hukuniuliza? Neno moja tu. 'Tamim, huyu ni mimi?'"

"Niliogopa ungesema ndiyo."

Tamim akashusha pumzi. "Mimi nilijua umeniona mdogo. Siku kumi na moja nimejiona mdogo. Hata mama amesema nimepungua, na yeye hasemagi hivyo."

"Nisamehe."

"Nimeshasamehe nikiwa kwenye lami. Sasa tufanye nini?"

Nihal alikwenda kwenye mazoezi, akamwomba kiongozi wa okestra, mzee mkali aliyeitwa Munir Halim, amsikilize faragha. Akamwambia yote, huku akitazama vifungo vya koti la mzee.

"Kanuni haikatazi kupiga kwa vidole vitatu," mzee akasema. "Inakataza kukatiza kipande. Ukikatiza umetoka."

"Najua."

"Unataka kujitoa?"

"Nataka. Lakini sijitoi."

Siku tatu, mlango wazi, mama akisikia kila kosa, alipanga upya vidole kwenye kurasa zote. Vitatu vikafanya kazi ya vinne. Mahali pengine palikubali. Pengine hapakukubali kabisa.

Fainali ilikuwa Jumamosi alasiri. Nihal alivaa gauni la kijani kibichi lenye mikono mirefu. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye ngazi. Alipita katikati ya okestra, akasimama mahali pake.

Sehemu ya kwanza ya kipande ilikwenda. Ya pili, ile ya polepole, ilikwenda vizuri hata mpiga selo mmoja akafumba macho. Ya tatu ikaanza kwa kasi, na kwenye ukurasa wa tano kidole cha nne, ambacho hakikuitwa, kikajikunja na kuburuta cha tatu pamoja nacho. Mkono ukafunga. Sauti ikakatika.

Katika sekunde ile Nihal aliona kila alichokiogopa, nyuso za majaji, kalamu zikiinama, mtu akinong'ona safu ya mbele. Kilikuwa kimekuja. Akageuka kumtazama Munir Halim, na yule mzee hakuwa amesimamisha mikono. Okestra iliendelea bila yeye, ikibeba wimbo, na macho ya mzee yalikuwa juu yake tu. Nihal akakunjua mkono dhidi ya mbavu zake, akahesabu, akaingia tena. Alifika mwisho.

Tuzo ilikwenda kwa kijana wa klarineti kutoka Asyut, naye alistahili. Mtangazaji akamwuliza Nihal jukwaani nini kilitokea. Angeweza kusema uzi wa fidla ulikatika. Alisema, "Nina ugonjwa wa mkono. Niliuficha miezi mitano. Ninaacha kupiga kwa mwaka, labda miwili, nijifunze upya. Sijui kama mkono utarudi." Kisha akashuka.

Tamim alikuwa kwenye korido ya nyuma, kati ya makasha ya ngoma, katika suti iliyombana mabegani. Alikuwa analia bila kujificha.

"Suti ya nani hiyo?" Nihal akauliza.

"Ya kaka yangu. Usicheke."

"Sicheki. Natetemeka. Shika."

Akampa mikono yote miwili. Tamim akaishika kwa muda, kisha akasema haraka haraka, kama mtu anayeogopa kunyimwa zamu, "Ijumaa nataka kuja kwenu na mama na mjomba. Kusoma Fatiha ya uchumba."

Nihal akamtazama. "Umechagua siku niliyopoteza kila kitu."

"Nilinunua pete mwezi uliopita. Ukanikataza kupiga simu."

"Tamim, naweza nisipige tena. Unanielewa? Utaoa mtu anayeogopa kuamka asubuhi."

"Mimi pia naogopa. Nilipoona mkono umefunga, nilidhani nitazimia. Tutaogopa pamoja, ni nafuu kidogo."

Nje ya mlango watu walikuwa wakimpigia makofi kijana wa Asyut.

"Pete ya uchumba inavaliwa kulia," Nihal akasema.

"Najua."

"Siku ya harusi inahamia kushoto. Mpiga fidla havai pete kushoto."

"Basi itabaki kulia."

"Mama yako atauliza. Mashangazi watauliza."

"Waache waulize. Nitawaambia mkono wa kushoto una kazi."

Nihal aliuweka mkono wa kushoto ukutani, kiganja wazi. Alitazama vidole vyake, kimoja kimoja, hadi cha mwisho.

"Mje baada ya sala," akasema. "Na usivae hiyo suti."