Mahari ya Mabati

"Usiniguse, Donatus! Unaniposa kwa nyumba yangu mwenyewe?"

"Shii! Wazee watasikia."

"Wasikie!"

Lakini Eufrasia alishusha sauti. Walikuwa nyuma ya jiko la mama yake, yeye na gauni jipya la maua mekundu, Donatus na tai ya kuazima iliyomkaba shingo. Sebuleni, hatua kumi tu kutoka pale, wazee wa pande mbili walikuwa wanapanga mahari. Mdogo wake Eufrasia, Philomena, alikuwa amepeleka chai akarudi mbio na habari. Mzee Cornel, baba mkubwa wa Donatus, amesema ng'ombe wao karibu wote waliisha kwa ukame wa mwaka jana, kwa hiyo badala ya ng'ombe ishirini watatoa nyumba ya Donatus, ile ya bati karibu na stesheni. Na baba yao, mzee Masele, ameipenda.

Nyumba ya Donatus! Miaka mitatu Eufrasia alifunga vidonda na kumwaga mabeseni hospitali ya Kolandoto, na kila mwisho wa mwezi akapita dukani kwa Zulfikar kununua bati mbili, mwezi mbaya bati moja. Tofali alinunua yeye. Fundi alimlipa yeye. Ila siku ya kuchukua kiwanja, kabla hata ya tofali la kwanza, karani wa bomani alimtazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, akasema yeye haandiki msichana asiye na mume, alete mwanamume. Akamleta Donatus.

"Ulisema nyumba ni yetu," Donatus alisema. "Nilidhani umenipa."

"Nilikupa uandikwe jina. Nyumba sikukupa. Ni yetu tukiishi humo wawili. Leo ikipokelewa kuwa mahari, inakuwa ya nani?"

Jibu walilijua wote wawili. Mahari ya Eufrasia ndiyo ingemwolea mke kaka yake, Athanas. Kabla pamba haijavunwa, jiko la nyumba ile lingekuwa na mwenyewe mwingine.

"Baba mkubwa hajui," Donatus akasema. "Ameona jina langu kwenye cheti cha kiwanja, anajivuna. Nimwambieje kwamba mtu mzima, fundi wa mashine mgodini Geita, amechangia mlango tu?"

"Mlango mzuri."

"Wa mninga, mayu," Donatus akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Usinichekeshe!" Eufrasia alikasirika kwa sababu alikaribia kucheka. "Nikinyamaza, nyumba imekwenda. Nikiingia kusema mimi, mzee Cornel atachukua fimbo yake aondoke, na wewe umekwenda. Nifanye nini?"

"Donatus!" mshenga aliita kutoka ndani. "Njoo utoe neno lako tufunge!"

Donatus alimtazama, akaenda. Eufrasia akabandika sikio ukutani.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

"Baba mkubwa, unisamehe. Ile nyumba si yangu. Jina tu ndilo langu. Amejenga Eufrasia. Changu pale ni mlango."

Mtu aliweka kikombe chini.

"Una wazimu?" Cornel alifoka. "Karatasi ya serikali inasema Donatus!"

"Karatasi haikununua bati. Muulizeni Zulfikar alikuwa akimuuzia nani."

"Kwa hiyo ng'ombe hakuna," mzee Masele alisema taratibu.

"Wapo watatu, baba. Wengine nitawatafuta."

"Watatu! Basi tumemaliza. Rudi wakitimia."

Cornel alitoka wa kwanza, akampita Eufrasia uani bila salamu. Donatus alitoka wa mwisho, tai mkononi.

Eufrasia hakulia. Ilikuwa Jumamosi, saa tano kasoro, na boma hufungwa saa sita.

"Cheti unacho?"

"Mfukoni. Walitaka kukiona."

"Lete baiskeli yako."

Karani alikuwa yule yule. Alianza tena habari za msichana asiye na mume, Donatus akamkatiza.

"Bwana karani, mwanamume uliyemtaka ndiye mimi, na nasema kiwanja si changu. Utanipa kwa nguvu?"

Karani alivuta pumzi, akavuta kitabu. Donatus akatia sahihi ya kuachia. Eufrasia akaandika jina lake polepole, yote matatu, mkono umetulia.

Nje jua lilikuwa kali. Lori la kumrudisha Donatus kazini Geita lilikuwa linapakia.

"Ng'ombe kumi na saba, Eufra. Unaweza kuchoka kunisubiri."

"Naweza," alisema, maana hakuwa mtu wa kudanganya. Akamshika shavu hadharani, mbele ya wapagazi. "Kwa hiyo usikawie. Na baiskeli nabaki nayo mimi. Utaifuata."

Donatus alicheka huku machozi yakimlengalenga, akapanda juu ya magunia. Lori lilipopotea vumbini, Eufrasia alisukuma baiskeli mpaka karibu na stesheni, akafungua nyumba, akafagia vyumba vyote viwili, na siku hiyo hiyo akahamia.