Boksi Moja Lililopungua

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la tano walifagia uwanja wa shule yao katika mji wa Madou. Mmoja wao, Szu-han, aliuchukia ufagio. Yeye alipenda kompyuta, na hapo, kusema kweli, hakuwa na mpinzani. Ndiyo maana Mwalimu Hung alimpa kazi ya kuagiza chakula cha safari ya wanafunzi pamoja na babu na bibi zao kwenye shamba la mabalungi.

Katika jedwali la kompyuta kila mtu alikuwa na mstari wake: anakuja au haji; anakula nyama, au mboga na mayai, au mboga tupu. Szu-han aliiambia kompyuta ihesabu wanaokuja na ambao pia wanakula mboga na mayai. Ikajibu: tisa. Akaagiza maboksi tisa ya mboga, wengine wote nyama.

"Hebu rudia," alisema rafiki yake, Kuan-lin. "Bibi yangu hagusi mayai. Yumo kweli kwenye hao tisa?"

"We naye! Mboga ni mboga. Kompyuta imeshahesabu. Twende tukacheze, wenzetu wanatungoja!"

Bibi yake Kuan-lin, Bibi Tsai, aliweka nadhiri mjukuu wake alipougua utotoni: mjukuu akipona, hatakula tena nyama wala mayai. Mjukuu alipona. Wiki nzima kabla ya safari bibi alikuwa akijigamba, "Nitakuonyesha balungi linavyochumwa, kama nilivyochuma nilipokuwa msichana."

Siku ya safari, mchana, alifungua boksi lake. Kipande cha nguruwe kilikuwa juu ya wali, na mchuzi wake umeshaenea kote. Maboksi ya mboga nayo yalichanganywa mayai. Bibi akalifunga lake taratibu.

"Sina njaa, wanangu," alisema.

Maskini, asubuhi alikuwa amemeza dawa ya kisukari! Haukupita muda, kwa kukosa chakula, sukari ikamshuka mwilini. Mwalimu Hung alimnywesha maji ya matunda na kumlaza ndani ya basi, huku wengine wakichuma na kucheka shambani.

Szu-han alipanda basi akilia. "Bibi, ni mimi niliyekosea. Kuan-lin aliniambia nirudie, nikampuuza. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Chakula nitakula nyumbani. Ila siku hii niliingoja sana."

Jumatatu, Szu-han alihesabu upya mbele ya mwalimu: wanaokuja na wanaokula mboga na mayai, wanaokuja na wanaokula mboga tupu, wanaokuja na wanaokula nyama. Akajumlisha, akalinganisha na wote wanaokuja. Hakupungua mtu.

"Kompyuta hujibu ulichoiuliza tu," alisema Mwalimu Hung. "Ukimsahau mtu, nayo itamsahau. Kwa hiyo mwenzako akikuambia urudie, rudia. Nyuma ya kila mstari kuna mtu mwenye njaa yake."

Katika safari ya mwaka uliofuata boksi la mboga tupu lilifika, limeandikwa jina la Bibi Tsai. Lakini magoti yalikuwa yamemshinda, hakuweza tena kusafiri. Szu-han na Kuan-lin walimpelekea boksi nyumbani, pamoja na balungi walilolichuma wenyewe.