Makaa Yaliyotiwa Udongo

Kila siku akitoka shuleni, Ruguru alivua sare, akavaa gauni kuukuu, akaenda nyuma ya nyumba kutengeneza makaa. Si makaa ya miti. Nyanya yake, Cucu Kanini, alikusanya vumbi linalobaki chini ya magunia ya wauza makaa pale Manyatta. Vumbi hilo peke yake halifai kitu, ukilishika linapita kati ya vidole. Lazima lipate kitu cha kulishikanisha. Cucu alitumia uji mzito wa unga wa muhogo. Vumbi lilikandwa na uji huo, likafinyangwa madonge, yakaanikwa juani. Yakikauka huwaka polepole, moto wake hauna moshi.

Kazi ya Ruguru ilikuwa kupika uji. Na uji wa muhogo hautaki haraka. Ukiuacha kidogo unaungua chini, ukiacha kukoroga unaganda. Unasimama hapo na mwiko mpaka mkono uchoke.

Siku moja rafiki yake Beth akaja na mpira chini ya kwapa.

"Bado uko hapo? Hiyo mikono ni kama ya fundi wa baiskeli."

"Nangoja uji uive."

"Basi tutacheza na Kagure. Yeye hana uji."

Maneno hayo yalimchoma Ruguru. Cucu alikuwa shambani akichuma kahawa. Ruguru akazima moto, akaumwaga uji haujaiva, akachukua jembe, akachimba udongo mwekundu kwenye tuta na kuuchanganya na vumbi. Wako watu wanaotia udongo kidogo, sikatai. Yeye alitia karai zima. Madonge yakatoka mazuri, meusi, mazito mkononi. Akanawa, akakimbilia uwanjani.

Jioni Cucu aliuliza, "Uji uliiva?"

"Uliiva, Cucu."

Madonge yalipokauka, Cucu aliyauza kwa Mwanatatu, mama anayechoma kababu karibu na soko. Siku chache baadaye Mwanatatu akaingia uani bila kupiga hodi. Alikuwa amebeba karai, akalitua miguuni pa Cucu kwa kishindo.

"Angalia, Cucu. Angalia ulichoniuzia. Huu ni udongo."

Ndani mlikuwa na madonge yaliyoungua nje tu. Katikati ulionekana udongo mwekundu, mgumu kama kigae.

"Nilipewa kazi ya arusi. Nimepuliza moto mpaka kichwa kikaniuma. Kababu zimebaki mbichi, wageni wamekula wali mtupu. Mwenye arusi ameniambia mbele za watu nisikanyage kwake tena."

Cucu hakuangalia sana ndani ya karai. Alikuwa amekwisha kupandwa na hasira.

"Makaa yangu hayana udongo. Uji anapika mjukuu wangu, na huyu mtoto hasemi uongo. Wewe uliyaacha yakanyeshewa, sasa unatafuta pa kutupa hasara yako."

"Mimi ndiye mwongo?"

"Mimi nimesema nilichosema."

"Haya. Kila mama anayewasha jiko pale sokoni atasikia habari hii leo. Tuone utamuuzia nani."

Mwanatatu akageuka kuondoka. Ruguru alimtazama nyanya yake. Hasira yote ile ilikuwa ya kumtetea yeye. Angenyamaza tu, mambo yangebaki ya watu wazima.

"Cucu, hayakunyeshewa," akasema. "Ni mimi. Uji sikuuivisha, niliumwaga. Nilitia udongo."

Mwanatatu alisimama. Cucu akasema polepole, na huko kusema polepole kulikuwa kubaya kuliko kelele.

"Nimemwita mtu mzima mwongo, machoni pake, kwa sababu yako."

Akamgeukia Mwanatatu. "Nisamehe, mama."

"Nimesikia," Mwanatatu akajibu. Hakusema amesamehe. Akachukua karai lake, akaenda.

Madonge yaliyobaki pale nyumbani Cucu alikataa kuyatupa. "Tutapikia sisi," alisema. Usiku huo githeri, mahindi na maharagwe, haikuiva. Waliitafuna hivyo hivyo, mahindi yakigongana na meno.

Kesho yake Ruguru alipika uji bila kutumwa. Beth alipita na mpira, akatania, akachoka kutania, akaenda zake. Madonge mapya yalipokauka Ruguru aliyatia kwenye ndoo, akayapeleka sokoni.

Mwanatatu hakumwangalia. "Weka hapo. Usiondoke. Washa wewe."

Ruguru akawasha na kupepea. Mwanatatu alikuwa anakanda nyama ya kusaga. Akavunja yai juu yake, akanyunyiza chenga za mkate.

"Unajua hivi ni vya nini?"

"Vya kushika nyama."

"Bila hivi, kababu inameguka na kuangukia motoni. Lakini nikizidisha mkate ili nyama ionekane nyingi, hapo nauza mkate. Mteja akiuma mara moja tu, amejua."

Akaosha mikono, akainama juu ya jiko. Donge lilikuwa jekundu kwa moto, nje na ndani. Akaanza kupanga kababu.

"Sikiliza, mtoto. Saruji hushika mchanga, samadi hushika udongo wa ukuta, yai linashika nyama. Chochote cha kushikanisha kina kipimo chake, na hakiwi badala ya kitu chenyewe. Sisi wauzaji na wanunuzi tunashikwa na neno la mtu. Cucu wako akisema haya ni makaa, mimi nalipa bila kuvunja donge kuangalia ndani. Wewe ulimfanya aseme uongo na yeye hajui. Ukuta ukibomoka tunaukandika upya kwa siku moja. Neno la mtu linachukua muda mrefu."

"Nisamehe, mama."

Mwanatatu aligeuza kababu mbili kwanza.

"Bado nina hasira na wewe," akasema. "Niletee gunia moja wiki ijayo. Na uji upike wewe, si Cucu."