Chupa Waliyokuja Nayo Wakwe

"Nazeli, mwanangu, tuifungue?"

Baba alikuwa ameishika chupa ya brandi waliyoleta wazazi wa Hrayr. Kwetu Armenia posa ikija, chupa haifunguliwi mpaka binti aseme ndiyo. Na ndiyo yangu ilikuwa mdomoni tayari, jamani, tangu shuleni nampenda huyu mwanaume!

Simu ikaita. Binamu yangu Tatul, yuko shambani kwetu.

"Nazeli, wanajeshi wako hapa! Wanapigilia vigingi vya mpaka katikati ya mizabibu yenu. Mistari yote ya chini inakwenda Azabajani!"

"Acha utani, Tatul."

"Utani? Muulize mchumba wako! Ramani iko ofisini kwake tangu Machi."

Nikaweka simu mezani. Hrayr, bwana afisa wa serikali, akaanza kuhangaika na kola ya shati.

"Ulijua?"

"Nazeli, si hapa..."

"Hapa hapa! Tulipofunga barabara kuu kupinga mpaka mpya, nani alipanda juu ya trekta akaapa hautaguswa hata mzabibu mmoja? Kijiji kizima tukaondoka barabarani kwa neno lako!"

"Niliagizwa niwatulize. Unataka vita virudi?"

Mama yake akadakia, "Mwanangu anatafuta amani, binti."

Hapo nikawaka.

"Amani mnanifundisha mimi? Kaka yangu Arsen alirudi kutoka vitani kwenye sanduku! Hrayr, ungeniambia, 'Shamba linakwenda ili wengine wasife,' ningelia, halafu ningekwenda mwenyewe kumbembeleza baba. Lakini wewe ulikaa kimya, ukaja na mkasi kumsaidia kupogoa!"

"Mistari ya chini," baba akasema polepole. "Ile ile. Ukaniambia mwaka huu itazaa sana."

Hrayr akainamisha kichwa.

"Nilitaka tuchumbiane kwanza ndipo niseme. Niliogopa kukukosa."

"Kwa hiyo ukaona bora unioe kwa uongo?"

Baba akanitazama, chupa ingali mkononi.

"Nazeli, tuifungue?"

"Hapana, baba. Warudishie."

Akaitumbukiza kwenye mkoba wa mama Hrayr, taratibu, kwa heshima zote. Kisha akachukua koti lake, tukashuka pamoja kwenda kuiaga mizabibu yetu. Nililia njia nzima, na si kwa ajili ya shamba peke yake. Nilikuwa bado nampenda, mshenzi yule.