Begi Chini ya Kitanda

Chupa ya mawese ilimponyoka Verediana katikati ya soko la Mwanga, Jumamosi saa nne asubuhi, ikamwagikia kifua cha kijana aliyevaa shati jeupe pe.

"Mungu wangu! Samahani, kaka!"

"Mawese hayatoki, dada. Hapa umenimaliza."

"Mimi ni fundi cherehani. Nitakushonea jingine."

"Basi nimwagie na suruali."

Iradukunda, binti wa miaka kumi na saba aliyekuwa akijaribu viatu pembeni, aliangua kicheko. Verediana, ndani ya gauni lake la kitenge cha kijani, hakuwa mtu wa kupenda kuchekwa. Siku hiyo alicheka pia.

"Mdogo wako?" kijana aliuliza. Jina lake Ciza.

"Analelewa na familia moja Katubuka, ya nne hiyo. Ustawi wa jamii walitukutanisha, mimi ni mshauri wake. Kila Jumamosi tuko pamoja."

Ciza alimtazama tena Iradukunda, kisha akaomba namba ya simu.

Shati jipya, la bluu, lilichukua siku tatu. Mapenzi hayakungoja hata hizo. Ciza alikuwa fundi wa injini za boti Katonga, na Jumamosi zikawa za watu watatu: Iradukunda akijifunza kufungua plagi, Verediana akiziba pua kwa harufu ya petroli na dagaa. Lakini Verediana alimwonya Ciza mapema, kwenye simu.

"Mpenzi, Ira ameshaachwa mara tatu. Usimzoeshe kama utaondoka."

"Niende wapi mimi? Shona, malkia wa sindano."

Mchana mmoja, chumbani kwake, Ciza alimwomba amtolee spana chini ya kitanda. Verediana akavuta begi. Nguo zote zilikuwa humo zimekunjwa, shati la bluu juu, vyeti ndani ya nailoni, hadi mswaki. Akatazama ukutani. Hapakuwa na msumari hata mmoja wa kutundikia nguo.

"Unasafiri lini?"

"Sisafiri."

"Ciza, begi limejaa!"

"Ni mazoea tu, Vere."

"Mazoea ya kukimbia wanawake?"

Ciza alilisukuma begi chini ya kitanda. Jamani, wanaume! Maneno mawili yangetosha, naye akayameza. Verediana akatoka bila kuaga.

Wiki mbili hakupokea simu zake. Uzi ulimkatikia, sindano zikavunjika, mkono wa kulia wa blauzi ya mteja akaushona kushoto. Simu ikiita aliikimbilia, akaona jina, akaiacha ilie mpaka ikate. Alimpenda, na hilo ndilo lililomtia hasira.

Iradukunda alivumilia, akachoka. "Dada, hata mimi ninalo begi."

"Begi gani?"

"Chini ya kitanda. Familia ya pili walinipa nusu saa nifungashe. Kiatu kimoja kilibaki, na picha ya mama. Tangu hapo nguo zangu hazitoki begini. Kaka Ciza ni vilevile, amelelewa na familia tano."

"Mbona hakuniambia?"

"Anasema wewe unasaidia watoto kama sisi. Hakutaka kuwa mtoto wako mwingine."

Verediana aliinamia cherehani akalia. Kisha akapiga simu.

"Njoo."

"Na begi langu?"

"Njoo nalo."

Asubuhi yake Ciza alisimama mlangoni na shati la bluu, begi begani. "Mwakeye," alisalimia kwa Kiha. Verediana akampisha aingie. Ciza akaligeuza begi juu ya meza ya kukatia vitambaa, ukadondoka msumari mmoja tu.

"Kumi nimeshapigilia ukutani. Minne ni yangu."

"Na sita?"

"Una magauni mengi. Nataka uyatundike kwangu, ukiwa mke wangu."

Verediana alijifuta macho kwa kipande cha kitenge. "Sita haitoshi."

Ciza alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauokota ule msumari, akampa Iradukunda, aliyekuwa pembeni akikunja vitambaa. "Huu wako. Utaupiga mwenyewe, siku utakayoamini."

Binti akautia mfukoni. Jumamosi ya tatu aliomba nyundo, aende nayo Katubuka.