Kiti cha Pili Sitahani

Hakuna kazi inayochosha kama kualikwa. Mzee Muhdhar, karani mstaafu wa forodha, alikwisha kuikinai tangu vita vimalizike na meli za matembezi zirudi Kilindini. Kila moja ilipofunga gati, wakala wake alimletea nyumbani kwake, mtaa wa Kuze, kadi nene yenye ukingo wa dhahabu: Bwana Muhdhar na Bibi waalikwa chai ya alasiri, sitahani, kwa wenye kadi tu. Bibi mwenyewe alikuwa kaburini mwaka wa nne. Mzee alimweleza wakala mara mbili, mara ya tatu akachoka. Na hakuirudisha kadi hata moja, kwa sababu alilelewa kuamini kwamba aliyeitwa huitika, hata kama miguu imevimba.

Basi siku hiyo akavaa kanzu na joho, akapanda ngazi ya meli akihema, akaketishwa chini ya turubai pamoja na waungwana wengine wa mji ili abiria wawapige picha. Chai ilikuwa maji ya moto. Biskuti hazikuwa na ladha ya kitu chochote duniani. Kando yake paliwekwa kiti kitupu na kikombe kilichokwisha kumiminwa chai, fungu la Bibi. Muhdhar aligeuka kumsalimu Gaffar, mwenye duka la kanga, na aliporudisha uso kile kikombe kilikuwa kikavu.

Kitini ameketi mwanamke, buibui lake limeziba uso mpaka chini ya macho. Alinukia udi mzuri, na chini ya udi ule kulikuwa na harufu ya matope ya mikokoni maji yakipwa. Muhdhar alimdhania mke wa mwalikwa mwingine aliyekosa pa kukaa, akamwachia kiti. Mzee alipoinuka kwenda zake, magoti yanamuuma na akili iko kitandani, ulimi ulitoa adabu uliyoizoea.

"Haya bibi, nawe karibu kwetu."

"Ahsante," akasema mwanamke. "Ntakuja."

Walipokuwa wakishuka, Gaffar akamshika mkono. "Ulikuwa ukisema na nani pale?"

"Na yule bibi kando yangu."

"Bibi yupi? Bwana Muhdhar, wewe umechoka. Kiti chako cha pili hakukaa mtu."

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, hodi ikapigwa. Mwanaesha, binti pekee aliyebakia kwa mzee katika watoto wanne, akaitika na kufungua. Kwa kuwa mgeni ni mwanamke alipitishwa ndani, na Muhdhar hakuwa na ruhusa ya kuchungulia wageni wa bintiye. Alichoona ni makubadhi mlangoni. Yalikuwa yamelowa chapachapa, na mvua haikunyesha wiki nzima.

Mgeni akaja tena siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Alikaa tangu alasiri mpaka karibu na magharibi, akapewa kahawa na halua, akaenda zake. Akishaondoka, vikombe vilikutwa na chumvi kwenye kitako. Mwanaesha akaanza kukonda. Alipotembea alishika ukuta.

"Yuwataka nini kwako, mwanangu?" babake alimnong'oneza siku ya tano.

"Hataki kitu, baba. Yuwaketi tu na kuniuliza hali. Aliniuliza nalala vipi, nikamwambia nalala vyema. Tangu hapo silali. Jana aliniuliza jina la mama." Akaegemea ukuta. "Nikamjibu. Na leo tangu asubuhi nalitafuta jina lile, silipati."

Muhdhar akamshika mkono. "Mamako ni Mwanakuu."

"Mwanakuu," akarudia msichana, polepole, kama anayetajiwa jirani wa mtaa wa mbali.

Mzee aliogopa siku ile kuliko alivyowahi kuogopa katika vita vyote viwili, kwa kuwa alielewa kuwa kitu kile kinamla mwanawe kwa maswali ya adabu, kidogo kidogo, kikao kwa kikao, na kwamba kikifika siku ya kumuuliza yeye mwenyewe aitwa nani, atajibu, maana alifundishwa kujibu wageni, na aliyemfundisha ni yeye babake, aliyewahi kumfinya sikio akiwa mdogo kwa kuliacha neno la mgeni likaanguka chini.

Akaenda mbio, kwa mbio za mzee, kwa Maalim Jaffar, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyejulikana kwa kusomea wenye pepo.

"Aliingia kwa hodi?" akauliza Maalim.

"Kwa hodi."

"Na ni nani aliyemwalika?"

"Ni mimi, Maalim. Sikujua."

Maalim Jaffar akakifunga kitabu chake. "Aliyejipenyeza ningemsomea akatoka. Huyu yumo ndani kwa neno lako, na mgeni wa haki mimi simwezi. Muageni kama waagwavyo wageni. Mfukizeni udi, mmwagieni marashi. Hakuna mgeni asiyejua maana yake. Ataondoka. Lakini akifika kizingitini, naye atawaalika kwake. Mtu yeyote asimjibu. Atakayeitika atakwenda."

Alasiri ile Muhdhar alisimama nyuma ya pazia la ukumbi. Alimsikia Mwanaesha akikitia makaa chetezo, akasikia marashi yakirushwa, tone baada ya tone, kisha kimya, kisha nguo nzito ikiinuka kitini na maji yakichuruzika sakafuni. Ile harufu ya matope ikapita mbele ya pazia. Makubadhi yakavaliwa.

"Nanyi karibuni kwetu," sauti ikasema kizingitini, kwa upole.

Hakuna aliyejibu.

"Nimesema, karibuni kwetu."

Wala hakuondoka, akasimama pale pale mlango wazi, na adhana ya magharibi ikaanza msikitini na ikaisha naye yuko, na udi ukaanza kufa chetezoni, na Muhdhar akafunua pazia akamwona mwanawe midomo inafunguka yenyewe kwa haya na mazoea ya miaka yote, na neno limekwisha kufika kwenye meno.

"Ntakuja mimi!" mzee akapiga kelele. "Mimi peke yangu. Huyu muache."

"Ahsante," akasema mgeni. "Ntakuletea kadi."

Mwanaesha akalala siku mbili mfululizo. Alipoamka aliomba uji, akanywa bakuli mbili, na nyumba ikanukia nyumba tena. Muhdhar alimshukuru Mungu, akalia faraghani. Kadi za wakala ziliendelea kuja, naye sasa hakuziitika. Ikapita miezi miwili.

Siku moja mchana kadi ikakutwa chini ya mlango. Haikuwa na ukingo wa dhahabu. Ilikuwa na ukingo mweupe wa chumvi, na wino wake ulikuwa bado mbichi: Bwana Muhdhar aalikwa chai ya alasiri, sitahani. Mzee aliisoma mara moja tu, akaenda kuoga, akavaa kanzu na joho.

"Baba, wenda wapi?" Mwanaesha akamuuliza. "Gatini leo hapana meli. Kila mtu ajua."

"Najua, mwanangu." Alikuwa amechoka, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Lakini nimeitwa."

Alipofika mlangoni akasita. "Mamako yuwaitwaje?"

"Mwanakuu, baba. Kwani nini?"

"Barabara," akasema Muhdhar. Akainama kuvaa makubadhi yake, yaliyokuwa yamewekwa sambamba na mengine yaliyolowa, akatoka.