Mihuri Kumi ya Mlimani

Jumamosi asubuhi, akifunga kamba za viatu, Bibi alianza mambo yake.

"Kitendawili!"

"Tega," alijibu Danbi huku akitafuta kofia.

"Nina punda wawili. Wanabeba mzigo kutwa nzima, wala hawalalamiki."

"Nitafikiria njiani, Bibi."

Mama yake, aliyekuwa akiwahi kibandani kwake katika soko la samaki la Busan, alimpa Danbi mkoba. "Humu mna kimbap. Nimeuzungushia wali mwani mwororo, usimsumbue Bibi menoni. Ameshadungwa sindano yake ya sukari. Ikifika saa sita, mketi mle. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Bibi alikuwa amekuja kutoka kijijini kuutembelea mji. Alitamani kuuona mtaa wa mlimani wenye nyumba za rangi. Danbi naye alikuwa na lake moyoni. Kila kituo cha mtaa ule kilikuwa na mhuri, na aliyegonga yote kumi katika kijitabu chake kabla ya saa nane alipewa beji. Yerim, mwanafunzi mwenzake, alikuwa nayo tayari. Jana yake alimcheka darasani: "Wewe na bibi yako? Mtafika mhuri wa tatu mlale!"

Saa sita iliwakuta na mihuri saba. Palikuwa na benchi kivulini.

"Umechoka, Bibi?"

"Aa, sijachoka."

Danbi alijua vizuri kwamba wazee wa kwao hukataa kwanza, wakakataa tena, wakakubali mara ya tatu. Siku ile aliuliza mara moja tu, akaendelea na safari.

Simu ikalia. Bibi alikuwa mbele, akitazama ukuta uliochorwa samaki.

"Mmekula?" Mama aliuliza.

"Tumekula, Mama."

"Bibi kashiba?"

"Kashiba kabisa."

Akamkimbilia Bibi. "Twende, umebaki mmoja tu!" Kumbe ilibaki mitatu.

Ngazi zilikuwa nyingi na jua lilikuwa kali. Walipogonga mhuri wa tisa, Bibi aliiegemea fimbo yake kwa mikono miwili. Katikati ya ngazi za mwisho fimbo yake ilianguka, ikateremka ikigongagonga. Bibi akaketi ghafla. Jasho lilimtiririka na mikono ilimtetemeka.

"Danbi... mbona giza?"

"Bibi! Bibi jamani!"

Mwanamke aliyeuza keki za samaki pembeni alikuja mbio. "Mama mzee, unanisikia? Wewe mtoto, amekula saa ngapi?"

Neno "saa sita" lilimfika Danbi mdomoni. Akamtazama Bibi, akalimeza.

"Hajala! Ana ugonjwa wa sukari, kadungwa sindano asubuhi. Nilidanganya!"

"Basi sukari imeshuka. Mshike kichwa!" Mwanamke alileta kikombe cha sikhye, kile kinywaji kitamu cha wali, akamnywesha Bibi taratibu. Danbi alihesabu kila funda huku akilia. Baada ya muda Bibi alifumbua macho, akaulizia fimbo yake.

Walikula kimbap palepale kwenye ngazi. Kisha Danbi akampigia mama yake simu, akamweleza yote bila kuficha.

Mama alifika na aproni yake ya sokoni, akihema. Alimkumbatia Bibi kwanza. "Danbi, nikiuliza kama mmekula, sikusalimii tu kama ilivyo desturi yetu. Naulizia uhai wa mama yangu. Nilikuamini, nikaendelea kuuza samaki."

"Nisamehe, Mama. Nisamehe, Bibi."

"Na mimi nilijifanya kijana," alisema Bibi. "Lakini ukweli wako ndio uliomwonyesha yule muuza keki dawa. Mjukuu wangu, kosa likishatokea, usilifiche hata kidogo. Anayekusaidia hawezi kutibu asichokijua."

Beji ilikuwa hatua ishirini tu juu yao. Danbi alikifunga kijitabu, nafasi ya kumi ikiwa tupu, akachutama mbele ya Bibi na kuanza kumlegezea kamba za viatu. Miguu ilikuwa imevimba.

"Bibi, wale punda nimewajua."

"Ni akina nani?"

"Hawa hapa," alisema akiigusa miguu ile. "Twende nyumbani tukawapumzishe."